Mzee wetu na kesi ya mbwa Beethoven

Likizo moja ya Desemba mjomba alituletea mkanda wa video wa Beethoven, ile sinema ya mbwa ya mwaka 1992. Kama hujaiona ni hivi, kuna familia ya kina Newton, baba mama na watoto watatu, kijibwa kinawatoroka wezi kinajipenyeza ndani kwao, baba hataki kabisa, watoto wanabembeleza mpaka anakubali shingo upande, halafu kijibwa kinakua dude kubwa kama ndama. Jina alipewa kwa sababu ya binti mdogo, Emily, alikuwa anagonga piano ile Simfoni ya Tano ya Beethoven, yule mtunzi wa muziki, mbwa akaitikia kwa kubweka, basi likamkaa.

Mzee wetu hakuwa mtu wa mbwa hata kidogo. Sebule nzima tuko upande wa mbwa, yeye peke yake yuko na George, yule baba wa kwenye sinema. Beethoven anatoka kwenye tope anapanda kitandani anajikung'uta chumba chote kinachafuka, sisi tunagaagaa chini kwa kucheka, mzee anauliza, "Mnacheka, hayo mashuka anafua nani?" Mama akajibu, "Si wewe."

Mjomba naye ana ugonjwa wa kusimamisha mkanda ili atoe somo. Akasimamisha katikati ya utamu kutuambia hao ni St. Bernard, mbwa wa watawa wa milima ya Alps, huko Uswisi mpakani na Italia, kazi yao ilikuwa kutafuta wasafiri waliopotea au kufukiwa na theluji, tena dume anaweza kupita kilo 70. Tukapiga kelele mpaka akaachia. Pale mbwa anapozungusha kamba yake kwenye viti na meza halafu anachomoka na wale wageni matapeli anawaburuza kwenye nyasi, pale tuliurudisha mkanda nyuma sijui mara ngapi, mwishowe picha ikaanza kuota mistari.

Sasa kuna daktari wa mifugo anaitwa Varnick, kwa nje mpole sana, kumbe anatafuta mbwa mwenye fuvu kubwa wa kujaribia risasi. Anakuja nyumbani kwa kina Newton, anampiga Beethoven ili amchokoze, anajimwagia damu ya uongo mkononi, anapiga yowe ati ameng'atwa. Emily ameona kila kitu, anamwambia baba yake, baba haamini, anakubali mbwa akauawe.

Mzee wetu akakaa wima. "We George! Mtoto si amekwambia!" Tukatazamana, maana huyu ni mtu ambaye sisi tukimshtakia mgeni hata sentensi hatumalizi. Akamwambia mjomba arudishe nyuma, anataka kuona kama George alilikagua lile jeraha. Tukarudisha, hakulikagua. "Umeona? Unampeleka mtu akauawe hujaangalia hata ushahidi!" Yaani mbwa alishakuwa mtu. Kile kipande George yuko kwenye gari anampeleka Beethoven akauawe, anakumbuka baba yake naye alivyompeleka mbwa wake enzi hizo yuko mtoto, mzee hakukitazama vizuri kwa sababu alikuwa bado anamkaripia. Mwisho kina Newton wanagundua mkono wa daktari hauna alama yoyote ya meno, mzee akapiga makofi peke yake.

Miaka mingi baadaye nikaja kujua mmoja wa walioiandika ni John Hughes, yule wa Home Alone, sinema ya mtoto anayewachakaza wezi, ila alijificha nyuma ya jina Edmond Dantès. Ndo maana wabaya wanachakazwa vile, Varnick anaishia kuchomwa na lundo la sindano za usingizi.

Na hizo sindano ndo zilituponza. Likizo haijaisha mdogo wangu akashikwa na homa, mzee akampeleka hospitali mimi nikafuata. Daktari kaja na koti lake jeupe na sindano, mtoto akakataa katakata, akamwambia daktari akunje mkono wa koti kwanza. Yule daktari muungwana kweli, akakunja. Mdogo wangu akaukagua mpaka kwenye kiwiko halafu akapiga kelele wodi nzima ikasikia, "Baba, hana alama! Ndo huyu!" Mzee wa ushahidi akageukia ukutani mabega yanamtikisika kwa kicheko, akaniachia mimi nimshike mtoto.