Ghala lililojaa sio lazima liwe dalili ya imani

Shabati shalom wapendwa. Wiki hii tuko Behar, sehemu ya Torati ya kusomwa wiki hii, Walawi 25, na najua tukifika hapa wengi macho yanakimbilia Yubile, baragumu inapigwa, watumwa wanaachwa huru, kila mtu anarudi kwenye shamba la ukoo wake. Mi naomba leo tubaki na mistari michache tu, wa 19 mpaka 22, maana hapo kuna jambo ambalo mahubiri mengi ya baraka siku hizi yanalipindua miguu juu kichwa chini.

Sheria ya shmita mnaijua. Miaka sita unalima, wa saba ardhi inapumzika, hupandi, hupogoi mzabibu, huvuni ukajaza ghala. Kinachoota chenyewe ni cha wote, mwenye shamba na kibarua wake na mgeni na hata wanyama, na walimu wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, wakakaza zaidi, kwamba aina fulani ya chakula ikishaisha kule mashambani wanyama hawaipati tena, basi na wewe uliyoiweka ndani uitoe, huwezi kukaa umefunga mlango na magunia yako wakati nje hakuna kitu. Sasa mkulima ni mtu wa hesabu, ataacha vipi kuuliza? Torati yenyewe inamuulizia: tutakula nini mwaka wa saba? Na Mungu anajibu kwamba ataiamuru baraka yake mwaka wa sita, mavuno yatoshe miaka mitatu.

Ukisoma haraka unasema haya, si ndo hiyo, tii ujaziwe mara tatu. Lakini rudi mstari wa 19 kwanza. Pale hakuna aliyeuliza chochote, na ahadi yake ni kwamba ardhi itatoa matunda na mtakula mshibe, basi, hakuna habari ya miaka mitatu wala ghala. Rashi, mfafanuzi maarufu wa Torati, anasema baraka hiyo inakuwepo hata ndani ya tumbo, yaani unakula kidogo na kinakushibisha. Halafu anakuja Ovadia Sforno, daktari na mwalimu wa Torati kule Italia, alifariki Bologna mwaka 1550, huyu ndo ananimaliza kabisa, maana anafundisha kwamba anayeamini, kidogo alichonacho kitamtosha, ila yule anayeuliza tutakula nini, ambaye moyo wake haukubali kwamba kidogo kinaweza kutosha, huyo ndo Mungu anamletea wingi ili auone kwa macho yake atulie.

Yaani ile mara tatu ni ya mwenye wasiwasi! Mungu anamhurumia, hamtupi, anampa kitu cha kuhesabu kwa sababu bila kuhesabu halali usingizi. Sisemi kila mwenye mali hana imani jamani, Mwanzo 13 inasema wazi Ibrahimu alikuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu. Nasema tu tuache kumpima mtu baraka zake kwa gari na nyumba, na tuache kumwambia mjane kwamba angekuwa na imani angekuwa nazo.

Maana kuna waliotii na ghala likawa tupu. Soma Wamakabayo wa kwanza sura ya 6, haimo kwenye Biblia ya Wayahudi lakini ni historia yao, jeshi la mfalme Antiochus Eupator limeuzingira mji wa Beth-Zur, watu wakatoka wakasalimu amri kwa sababu chakula hakikuwepo, ulikuwa mwaka wa ardhi kupumzika. Na Yerusalemu kwenyewe njaa ikawabana watetezi wa Hekalu mpaka wengi wakatawanyika. Hapo utamhubiria mtu habari ya kujaziwa? Na bado hawakuiacha shmita. Mwanahistoria Josephus anaandika kwamba zaidi ya miaka mia baada ya hapo Julius Caesar aliwasamehe Wayahudi kodi mwaka wa saba kwa kuwa hawapandi wala hawavuni, kwa hiyo vitukuu na vilembwe wa wale waliokaa njaa walikuwa bado wanaacha mashamba yao wazi. Hiyo mi ndo naita baraka, na huwezi kuipima kwa gunia.

Wapo walioshindwa pia. Mwaka huo wa saba madeni nayo yanafutwa, na Kumbukumbu 15:9 ilishaonya mtu asije akamnyima maskini mkopo kwa kuogopa mwaka wa saba umekaribia. Wakanyima vilevile. Hillel, mwalimu mkubwa wa kale wa Kiyahudi, alipoona hivyo akatunga utaratibu wa prozbul, deni linakabidhiwa mahakamani lisifutwe, ili maskini aendelee kukopeshwa. Nampenda Hillel kwa hilo, hakungoja imani ya matajiri ikue wakati mtu ana njaa leo.

Shmita ya mwisho ilikuwa mwaka 5782 wa kalenda ya Kiyahudi, yaani Septemba 2021 mpaka Septemba 2022, na nyingine inaanza Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, ya 2028. Kule Israeli wapo wanaouza ardhi kwa mkataba kwa asiye Myahudi mwaka huo ili kazi iendelee, na wapo wanaoacha kabisa, mabishano yao hayaishi leo wala kesho.

Wiki ijayo tunaanza Bechukotai, sehemu inayofuata ya Walawi. Kabla hatujakutana kila mtu asome Walawi 26:3 mpaka 13, na ukifika mstari wa 5 angalia Rashi anasema nini kuhusu kula na kushiba, amelirudia lilelile la tumboni.