Mastaa wa Kigongo

Tangu Daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 2025, gari linavuka Ziwa Victoria hapa kwetu Mwanza, kutoka Kigongo mpaka Busisi, kwa dakika chache tu. Nashukuru sana. Nimewahi kuona gari la wagonjwa likisubiri kivuko, na simwombei mtu yeyote ayaone yale. Lakini Jumapili tukiwa saluni Kirumba niliwaambia mashoga zangu kwamba sisi mashabiki wa Kanda ya Ziwa tumepoteza pahali petu pa kukutana na mastaa. Wakanijia juu.

Wa Igoma akasema mastaa wanaonwa Uwanja wa CCM Kirumba, kwenye shoo. Shoga, pale unaona taa na mgongo wa baunsa! Kigongo ilikuwa habari nyingine. Msanii anayekwenda kupiga shoo Geita alikaa foleni kama sisi, akasubiri kivuko kama sisi, na akishapanda, maji kila upande, hana pa kukimbilia. Adabu ya ushabiki tuliipata pale: unasalimia kwanza, simu inabaki mfukoni, na akiwa anakula unamwacha amalize.

Nilimwona mmoja. Jina nalihifadhi, maana hakuja pale kutafuta kutangazwa. Kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, kasimama kwa mama muuza samaki anachagua sato wa kukaanga. Vijana wa bodaboda walishamtambua, wananong'onezana. Yule mama hana habari. Akamfungia sato kwenye gazeti, chumvi na pilipili pembeni, kisha akamuuliza kwa Kisukuma yeye ni mtoto wa nani. Jamaa akavua kofia. Akajibu kwa Kisukuma kilekile, polepole, akataja kijiji cha bibi yake na ukoo wao, mpaka mama akasema, "Kumbe wewe ni mjukuu wangu," akamwongezea kipande. Mahojiano yake yote niliyosikia redioni, hakuna mtangazaji aliyewahi kumuuliza hayo.

Wa Pasiansi anasema ningempiga picha nikapata ushahidi. Sikubaliani naye. Staa anakuwa wako pale unapojikuta ndani ya kazi yake. Rapa wetu Fid Q alipotoa wimbo "Mwanza Mwanza" tulitembea mitaani vifua mbele, na wengi wetu hatukuwahi kumwona hata kwa mbali. Alikuwa Ngosha wetu, basi. Na Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga hapo jirani, alipofariki Aprili 7, 2012, mama yangu alilia kama msiba uko sebuleni kwake. Alimjua kwa filamu za kuazima kwa majirani. Nani atamwambia hakuwa na haki ya kulia?

Msusi wetu, aliyekuwa kimya muda wote, ndipo akatoa la kwake. Aliwahi kumsuka mwigizaji wa filamu tangu asubuhi hadi alasiri, na hakumwambia kwamba anamfahamu. Tukamuuliza kwa nini. "Alikuwa amechoka, akasinzia kichwa kikiwa mikononi mwangu. Ningemwamshaje?"

Wa Igoma akataka jina. Msusi akagoma. Sasa hivi ninavyoandika, wa Pasiansi anamwaga majina kwenye grupu letu la WhatsApp, moja baada ya jingine, na msusi kila mara anajibu: "Siyo huyo."