Jinsi Nilivyojifunza Kuisikiliza Requiem ya Verdi

Requiem ya Giuseppe Verdi, yaani misa ya wafu aliyoitunga Mwitalia huyo mashuhuri kwa opera zake, huchukua karibu saa moja na nusu, huimbwa kwa Kilatini, na anayeisikia kwa mara ya kwanza anaweza kuchoka kabla hajafika katikati. Mimi nilikuwa na faida moja, kwa kuwa nimeimba besi katika kwaya ya parokia na kuhudhuria mazishi mengi: maneno ya mwanzo nilikuwa nayajua tayari. "Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie" ndiyo sala ambayo kwaya ya Verdi huanza nayo, kwa sauti ya chini kabisa, baada ya selo, fidla kubwa za sauti nzito, zinazosikika kwa shida. Nikaamua kuyafuata maneno kwanza.

Nilitafuta matini yote ya Kilatini, nikaandika maana ya Kiswahili kando ya kila mstari. Sehemu iliyonichukua muda zaidi ni Dies irae, shairi la zama za kati kuhusu siku ya hukumu, ambalo liliondolewa katika misa ya kawaida ya wafu baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa miaka ya 1960, na kwa sababu hiyo wanakwaya wa rika langu hatukuwahi kuliimba. Verdi amelipa zaidi ya theluthi moja ya muda wote. Msikilizaji akishajua ni nani anayezungumza katika kila ubeti, urefu huo haumlemei tena: kwaya inapaza kilio cha hofu, tarumbeta nane zinaitana, nne zikiwa katika okestra na nne zimewekwa mbali mahali pasipoonekana, kisha mwimbaji wa besi anaingia kusema kwamba mauti yenyewe yatashangaa, akilirudia neno "mors" (mauti) kwa vituo vya kimya kati ya neno na neno.

Katika kusikiliza sikufuata mpangilio wa Verdi. Nilianza na Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu), ambapo soprano na mezosoprano wanaimba wimbo mmoja bila ala yoyote, mmoja juu na mwingine oktavu moja (ngazi nzima ya nota nane) chini yake, halafu kwaya inawajibu. Mtu aliyezoea kiitikio cha zaburi hapati taabu hapo. Kutoka hapo nilihamia vipande viwili vya ndani ya Dies irae: Ingemisco (Naugua) ya mwimbaji wa teno, kisha Lacrymosa (Siku ya machozi), ambayo wimbo wake Verdi aliutoa katika sehemu ya opera yake Don Carlos iliyokatwa kabla ya onyesho la kwanza mjini Paris mwaka 1867. Nilipokwisha kuzizoea hizo tatu ndipo nilipoisikiliza kazi nzima kwa mfululizo, usiku, nyumba ikiwa imetulia. Sishauri mtu aisikilize ndani ya daladala. Mwanzo wake humezwa na mngurumo wa injini, msikilizaji anaongeza sauti, kisha ngoma kubwa ya Dies irae inamkuta masikio yakiwa wazi.

Kondakta Mjerumani Hans von Bülow aliikejeli kazi hii mwaka 1874 kwa kuiita opera iliyovaa mavazi ya kanisa, na miaka mingi baadaye akamwandikia Verdi kumwomba radhi. Kwa maoni yangu kejeli hiyo ilikuwa msaada mzuri, kwani niliposikiliza kama mtu anayetazama tamthilia, waimbaji wanne walianza kuwa wahusika, na nikaacha kungoja utulivu wa ibada ambao Verdi hakukusudia kuutoa kila mara.

Historia nayo ilinifungulia mlango. Mtunzi mwenzake wa opera, Rossini, alipofariki mwaka 1868, Verdi alipendekeza watunzi wa Italia washirikiane kutunga misa ya kumkumbuka, naye akaandika sehemu ya mwisho, Libera me (Uniokoe), ambayo ndani yake maneno ya Dies irae hurudi. Misa hiyo haikuimbwa kama ilivyopangwa. Mwandishi Alessandro Manzoni alipofariki tarehe 22 Mei 1873, Verdi aliichukua Libera me ile akaijengea misa nzima, iliyoimbwa katika kanisa la San Marco, Milano, mwaka mmoja kamili baada ya kifo hicho. Kwa hiyo muziki wa kutisha wa Dies irae ulizaliwa kwanza ndani ya sehemu ya mwisho. Tangu nilipolijua hilo, Libera me ndiyo ninayoingoja kuliko zote. Katika Lux aeterna (Mwanga wa milele) inayotangulia, soprano hanyanyui sauti hata kidogo, wanaimba wenzake watatu. Kisha anasimama peke yake na kuanza kukariri kwa nota moja, kama padre anayeimba sala, akiomba aokolewe na mauti ya milele.

Sanctus (Mtakatifu) ndiyo iliyonikawiza. Ni fupi na ya kasi, kwaya mbili zenye sauti nane zinadakana wimbo kwa zamu, na mwanzoni nilisikia vurugu tu. Nilipakua kitabu cha nota, ambacho hupatikana bure mtandaoni, nikafuata kwa kidole besi ya kwaya ya pili peke yake hadi mwisho, nikarudia na besi ya kwaya ya kwanza, ndipo nikapanda kwa wateno. Sauti za juu bado sijazifikia, lakini sehemu hiyo siirukishi tena.