Karatasi ya safu nne: ninavyowajibika kwa hasira zangu

Nikikasirika, kwanza natafuta karatasi. Mwenye kosa atatafutwa baadaye. Naikunja mara mbili kwa urefu, nikiikunjua napata safu nne: kilichotokea, nilichojiambia, nilichohisi, nilichofanya. Utaratibu huu sikuubuni mimi. Mwanasaikolojia wa Marekani Albert Ellis alianza mwaka 1955 kuwafundisha watu kwamba kati ya tukio na hisia kuna imani inayopita kichwani. Katika miaka ya 1960 daktari wa akili Aaron Beck naye akajenga tiba ambayo mgonjwa huyaandika mawazo yake na kuyapima.

Safu ya kwanza ndiyo inayowashinda wengi, na ndiyo inayonichukua muda mrefu kuliko zote. Humo linaingia lile tu ambalo kamera ingelinasa. "Alinijibu kwa dharau" haliingii, maana dharau haipigwi picha. Kinachoingia ni hiki: "Nilimuuliza kazi itakwisha lini, akasema 'ikiisha utaiona' huku anaangalia simu." Basi. Ile dharau inahamia safu ya pili: "Ananiona si lolote." Huenda ni kweli, huenda si kweli, ila wazo hilo nimelitunga mimi, na wajibu wangu unaanzia hapo.

Safu ya tatu inataka neno mojamoja: hasira, hofu, wivu, huzuni, kila moja na namba yake kuanzia 0 hadi 100. "Nahisi ananidharau" ni wazo lililojificha, lirudi safu ya pili. Nikishaandika hasira 80, najiuliza ni nini kingine kipo, na mara nyingi chini yake nakuta aibu 60. Aibu hiyo ndiyo inayouchochea mdomo kuliko hasira yenyewe. Safu ya nne ni matendo, na kununa ni tendo. Watu huorodhesha kelele na matusi, halafu siku mbili za kutosalimiana wanazisahau.

Kisha narudi safu ya pili na kulihoji lile wazo. Ushahidi wake ni upi? Kuna maelezo gani mengine? Rafiki yangu angekuja na jambo hili hili, ningemwambia nini? Jibu naliandika kwa maneno ninayoweza kuyaamini. Sentensi tamu kama "ananiheshimu sana" haisaidii, kwa kuwa akili inaitema papo hapo. Afadhali "sijui kwa nini alijibu hivyo, ninachojua ni kwamba sijapata tarehe." Halafu napima upya. Hasira ikishuka kutoka 80 hadi 50 inatosha kabisa kuongea na mtu.

Isiposhuka, sababu huwa mojawapo kati ya mbili. Ama wazo nililopima silo linalouma, na linalouma limejificha nyuma yake ("nitaonekana sijui kazi"), ama nimekosewa kweli. Ukiwa umekosewa kweli, acha kuhangaika na mawazo, andika ombi lenye tendo na muda: "Naomba tarehe kabla ya saa kumi leo, ili nipange kazi ya kesho."

Karatasi haijazwi moyo ukiwa bado unadunda. John Gottman, mtafiti wa ndoa, anashauri mapumziko ya angalau dakika 20 ili mwili utulie, na mimi huwa nasema nitarudi saa ngapi, la sivyo mwenzangu ataona nimemkimbia. Dakika hizo zikitumika kuyapanga majibu makali, mwili hautulii, na mapumziko yamepotea bure.

Nasisitiza jambo moja, kwa sababu mafundisho haya yanatumiwa vibaya. Kuwajibika kwa hisia zako hakumaanishi kubeba kosa la mwingine. Anayepigwa hahusiki na kupigwa kwake, na anayekuumiza kisha akakwambia "hasira ni zako, zimalize mwenyewe" anaikwepa safu yake ya nne. Vilevile huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, karibu kutwa nzima na karibu kila siku, ikavuruga usingizi, hamu ya chakula na kazi, ipelekwe kwa mhudumu wa afya. Kwa huzuni ya namna hiyo karatasi peke yake haitoshi.

Safu yangu ya nne ikiwa na kosa, naomba radhi kwa tendo lililoandikwa humo: "Nilikufokea mbele ya wenzako. Nimekosa. Nikiwa na swali kuhusu kazi nitakuuliza tukiwa wawili." Hapo haiongezwi "lakini". "Samahani kama umeumia" nayo siitumii, maana inamwachia aliyefokewa athibitishe kwanza kwamba ameumia. Baada ya hapo nanyamaza. Akihitaji muda kabla ya kujibu, simdai jibu.