Koti la Mkono Mmoja

Koti hilo limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu cha kulala, na lina mkono mmoja tu, ule wa kushoto. Upande wa kulia kuna tundu la bega, bitana inachungulia, na kulizunguka tundu zima kumepigwa bandi nyeupe, zile nyuzi ndefu za kushikizia ambazo fundi huzichomoa mshono wenyewe ukishapita. Hizi hazijachomolewa. Aliyezipiga alifariki Julai 2013 akiwa na miaka 71, na hadi leo sijampa fundi mwingine alimalizie.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikanyaga cherehani kwa zaidi ya miaka 40, na sisi watoto tulilala kwa mlio wake na kuamka kwa mlio wake. Nguo zangu zote za utotoni zilitoka mikononi mwake. Suruali zangu za shule zilikuwa na mistari miwili mitatu iliyofifia juu kidogo ya pindo, kwa sababu alikunja kitambaa kingi kwa ndani, akawa anakishusha kila nilipoongezeka kimo. "Kilichokatwa hakirudi," alikuwa akisema. "Bora kikae ndani kikusubiri." Nilipoanza kazi nikaanza kununua nguo zilizokwisha kushonwa. Sikumbuki kama niliwahi kujiuliza yeye analionaje jambo hilo, naye hakuwahi kulitamka.

Siku ninayotaka kuisimulia ni Jumamosi moja ya Machi, mwaka huo huo wa 2013. Nilikuwa na miaka 38. Nilikwenda kuwasalimia wazazi kama nilivyozoea: nikatua mizigo niliyowaletea, nikauliza habari, nikaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilijiona mtoto mwema. Sikuwahi kwenda mikono mitupu, na sikuwahi kukaa muda mrefu.

Baba akaingia chumbani, akarudi na kitambaa cha sufu cha kijivu, kizito, kilichokunjwa kwa uangalifu ndani ya shuka la zamani. Akakitandika mezani, akakipapasa kwa kiganja kufuata upande unaolala unyoya.

"Nataka nikushonee koti," akasema, "kabla macho hayajaniishia."

Nikamjibu kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma zaidi sasa: "Baba, wewe pumzika. Makoti ninayo."

Hakubishana. Alikaa akiiviringisha chaki kati ya vidole, kama mtu anayesahau alichokuwa akikitafuta. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama mara moja tu. Nikainuka, nikavua shati la juu.

Anayepimwa nguo hubadilika ghafla. Hutoa kifua, hubana tumbo, hukaza shingo kama askari kwenye gwaride. Mafundi wote wanalijua hilo. Baba alinizunguka mara moja bila hata kukunjua futi yake, kisha akasema, "Simama unavyosimama ukiwa peke yako." Akangoja. Aliningoja mpaka nikashusha pumzi na mabega yakarudi mahali pake, ndipo akaanza.

Alipima shingo, kifua, kiuno, upana wa mgongo kutoka bega hadi bega. Kila kipimo alikirudia mara mbili, kisha akatoa penseli nyuma ya sikio na kuandika kwenye daftari lake la jalada gumu. Mimi nilikuwa natazama saa. Niliitazama alipokuwa kifuani pangu na akaniona. Nikaitazama tena alipokuwa mgongoni, nikidhani hanioni, nikasahau kwamba mkono ukiinuka na bega huinuka. Alinishusha mkono taratibu na kuanza kipimo kile upya.

Baba hakuwa mtu wa kukumbatia. Upendo wake ulikaa kwenye vitu: kifungo kilichorudishwa usiku ukiwa umelala, kola iliyogeuzwa ilipoanza kuchakaa upande mmoja. Jumamosi ile aliweka kiganja chake katikati ya mabega yangu, akakiacha pale kwa muda, kama anayetaka kujua mgongo unapinda wapi. Kiganja kilikuwa cha moto. Nilisikia pumzi yake nyuma ya shingo yangu, fupi fupi, yenye mlio mdogo. Nikajiambia, uzee huo. Aliketi mara tatu kabla hatujamaliza, na kila alipoketi alisema anatafuta penseli.

Niliona mengine pia. Naweza kuapa kwamba niliyaona, kwa kuwa nayakumbuka yote. Nyuzi za viatu vyake zilikuwa zimelegezwa mpaka mwisho, na nilipouliza akasema viatu vimekuwa vidogo. Viatu vya mzee wa miaka 71 havianzi kuwa vidogo. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi, na upande wake wa kitanda palikuwa na mito mitatu imepangwa mmoja juu ya mwingine. Akasema siku hizi analala vizuri zaidi akiinuka kidogo. Nikasema, "Vizuri, Baba." Nilisema vizuri.

Mwishoni akashika kifundo cha mkono wangu wa kushoto.

"Saa hii unaivaa kila siku?"

"Ndiyo, Baba."

"Mkono huu huu?"

"Huu huu."

Akaandika. Nilikuwa tayari navaa shati.

"Baada ya wiki mbili nitakuwa nimelishikiza," akaniambia tukiwa mlangoni. "Uje ulijaribu. Mwili nitaumaliza, lakini mikono siwezi bila wewe kusimama hapa." Akanieleza sababu, ingawa sikuuliza. Mkono wa mtu una jinsi yake ya kuning'inia, wa mwingine huenda mbele, wa mwingine hubaki nyuma, na mkono wa koti ukipachikwa kwa kukisia tu, utakunjamana siku zote hata kitambaa kiwe kizuri namna gani. Nilikuwa nimeshashika funguo.

Wiki mbili zikapita. Akapiga simu. "Shikamoo, Baba." "Marahaba. Koti linakusubiri." Nikasema mwisho wa mwezi. Ikaja Aprili, nikasema Mei. Mei nikasema kazi zimenizidi, naye akasema kazi kwanza, koti halina miguu, halitakimbia. Juni alipopiga alizungumza kwa kukatakata, neno, pumzi, neno, pumzi, nami nikaulaumu mtandao wa simu.

Alifariki usiku, akiwa ameketi.

Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi na nikayabeba maneno yake yote. Shinikizo la damu lilikuwa limemkalia miaka mingi. Vidonge alipewa, lakini alivimeza kichwa kilipomuuma na kuviacha alipojisikia nafuu, kama wafanyavyo wengi, na shinikizo la damu mara nyingi haliumi popote hata linapoharibu. Moyo ukisukuma dhidi ya mzigo huo mwaka baada ya mwaka huchoka. Ukichoka, hushindwa kuisukuma vizuri damu inayourudia, maji hubaki mwilini. Mchana huteremka miguuni, ndiyo maana viatu humbana mtu. Usiku akilala chali, hupanda mapafuni na kumnyima pumzi, ndiyo maana huongeza mto wa pili, kisha wa tatu, kisha hukiacha kitanda na kulala kwenye kiti. Daktari alikuwa akiniorodheshea nyumba ya wazazi wangu bila kuwahi kuingia ndani yake.

Hakusema kwamba Baba angepona, nami simsemei. Alisema tu kwamba dawa zipo, za kupunguza hayo maji na za kuupumzisha moyo, na kwamba wengi huishi nazo vizuri kwa miaka. Ilihitajika mtu mmoja wa kuuliza kwa nini mito mitatu.

Tulipokwisha kumzika, Mama aliniletea koti likiwa ndani ya lile shuka, na daftari juu yake. Nilianza na daftari. Niligundua halikuwa la wateja. Lilikuwa letu, mimi, ndugu zangu na Mama, kila mtu na kurasa zake. Kipimo changu cha kwanza nilikuwa na miaka 6: kifua inchi 24. Kisha 25, kisha 27. Mwaka mmoja kiuno kilipungua, na pembeni ameandika neno moja, "malaria". Kurasa zinaendelea hadi nilipoanza kazi, halafu hakuna kitu. Baada ya hapo ni karatasi tupu, nne au tano, kama alinitengea nafasi kwa miaka ile yote. Halafu Machi 2013: kifua 40, kiuno 36, mkono 24 na nusu. Chini yake, kwa mwandiko uliotetemeka kuliko wa zamani: "Bega la kulia limeshuka nusu inchi, tia pamba. Mkono wa kushoto uachwe nafasi ya saa."

Hapo ndipo nilipolia, na ndugu zangu walishangaa kwa sababu makaburini sikulia. Ile saa niliyokuwa nikiitazama ili niondoke, yeye aliipima ili imtoshe mwanawe ndani ya mkono wa koti.

Nikamuuliza Mama huo mkono wa kushoto ulipachikwaje, maana mimi sikurudi. Mama alisita kidogo. Akasema kwamba Juni, alipoona siji, Baba alilivaa koti yeye mwenyewe mbele ya kioo. Lilimpwaya kifuani kwa kuwa alikuwa amekonda, lakini aliulegeza mkono, akaangalia unavyoning'inia, akatia pini. Akamwambia Mama, "Mwanangu anasimama kama mimi." Akashona ule wa kushoto kwa siku mbili, akipumzika pumzika. Wa kulia akauacha. Bega lile limeshuka kwa namna yake, akasema, siwezi kulikisia, tumsubiri mwenyewe.

Na kitambaa? Alikinunua mwaka nilipomaliza chuo. Kilikaa sandukuni miaka 14, kikingoja nimwombe.

Nimeyarudia haya kichwani mara nyingi kiasi kwamba najua mahali hasa nilipokosea, na mizigo haikuwa kosa. Wazazi waliihitaji na walishukuru. Kosa langu ni kwamba nilidhani kumjali mzazi ni kumpelekea tu. Sikujua kwamba na yeye bado alikuwa na kitu cha kunipa, na kwamba kukipokea kungemfaa kuliko vyote nilivyobeba. Alitaka mtoto wake asimame mbele yake kwa saa moja, bila haraka, amguse mabega. Mtu huyu alinipima tangu nikiwa na inchi 24 za kifua, nami nikamwambia makoti ninayo.

Mama yupo. Ana miaka 77 sasa. Nikimpigia simu namwamkia, kisha namuuliza analalia mito mingapi. Mwanzoni alidhani namtania. Sasa anajibu hata kabla sijauliza: "Mmoja, na miguu haijavimba, na dawa nimemeza." Siku ya kupima shinikizo nakwenda naye, nakaa naye kwenye foleni, na tunazungumza mambo ambayo kwenye simu hayazungumziki. Nimejua, kwa mfano, kwamba alimpenda Baba kwa sababu ya viraka. Alikuwa amevaa suruali yenye kiraka kilichoshonwa vizuri hivi kwamba ilibidi asogee karibu kukiona.

Mwezi uliopita alikuja kukaa nasi wiki moja. Usiku mmoja aliliona koti nyuma ya mlango, akalishusha, akaniambia nilivae. Sikuwa nimelivaa hata mara moja. Mkono wa kushoto ulipita kama maji, saa ikaingia bila kugusa popote. Wa kulia ulitokeza mtupu kwenye tundu la bega, wenye shati.

Mama akanizunguka. Akavuta kola, akabonyeza pamba ya bega, akasogeza uzi mmoja mweupe uliokuwa umelegea na kuurudisha ndani kwa kucha. Kisha akaweka kiganja chake katikati ya mabega yangu, mahali pale pale, akanyamaza.

"Umechoka?" akaniuliza baada ya muda.

"Hapana, Mama."

"Basi subiri kidogo."

Nikasubiri.