Churro za Disneyland kwenye karai la nyumbani

Aprili 2020, bustani za burudani za Disney zikiwa zimefungwa, kampuni yenyewe ilitoa maelekezo ya kupika churro ndogo nyumbani, yaani vijiti vya unga vya kukaanga vyenye sukari na mdalasini. Kazi yote iko kwenye unga. Chemsha kikombe 1 cha maji, vijiko vikubwa 8 vya siagi, robo kijiko cha chai cha chumvi na mdalasini kidogo. Punguza moto, mwaga unga wa ngano kikombe 1 na robo kwa mkupuo, usonge kama ugali mpaka uwe donge lisiloshika sufuria. Epua, uache dakika 5 hadi 7, ndipo utie mayai 3, moja moja. Ukiharakisha, yai linaivia humo humo na unabaki na vibonge.

Kamulia kwa nozeli ya nyota, yaani mdomo wa mfuko wa kukamulia wenye meno. Ile mifereji inayoachwa na meno hayo si urembo tu: churro isiyo na mifereji, kama bomba, hufungia mvuke ndani, ikapasuka na kukurushia mafuta. Mafuta yawe nyuzi 175 za Selsiasi hivi. Yakiwa ya moto zaidi, nje hukauka na kati hubaki mbichi. Kaanga chache chache, kisha vingirisha kwenye sukari na mdalasini zingali moto. Zikipoa sukari haishiki.