Abate na Pepo Padiel

Juzi usiku nilichukua penseli, nikaandika daftarini: Padiel aporsy mesarpon omeuas peludyn malpreaxo. Hayo ni maneno ya kumwita pepo Padiel, katika kitabu Steganographia cha Johannes Trithemius, abate, yaani mkuu wa monasteri, wa shirika la Wabenedikto huko Sponheim, Ujerumani. Neno la kwanza nikaliacha. Katika la pili nikaruka herufi moja na kuchukua inayofuata: p, r, y. La tatu nikaliacha. La nne likatoa m, u, s. La tano nikaliacha, na la sita likatoa a, p, e, x. Prymus apex. Kilatini kitupu! Mazinguo yale yalikuwa ni barua ya siri.

Mwaka 1499 Trithemius alimwandikia mtawa rafiki yake akimweleza maajabu ya kitabu hicho. Barua ilifika rafiki ameshakufa, wengine wakaifungua, na kuanzia hapo abate akaitwa mchawi. Kufikia 1506 alikuwa amehamia Würzburg, akiiacha maktaba ya Sponheim aliyoikuta na vitabu visivyofika 50, naye akaikuza hadi vikakaribia 2,000. Roho huniuma nikifikiria rafu zile. Kitabu chenyewe kilichapwa mwaka 1606, yeye yuko kaburini miaka 90, na mwaka 1609 Kanisa likakipiga marufuku.

Simsafishi kupita kiasi. Agrippa, msomi Mjerumani wa uchawi, alipompelekea mswada wake wa falsafa ya mambo ya siri mwaka 1510, abate aliusifu, akamshauri siri kubwa awaambie marafiki tu.

Watu huniuliza imekuwaje watumishi wa Mungu wakaingia katika uchawi. Mimi nawajibu kwamba vifaa walipewa altareni. Katika zama za kati kijana aliyekuwa safarini kuelekea upadri alipitia daraja ndogo ya mpunga pepo. Askofu alimkabidhi kitabu cha maneno ya kufukuza mapepo, akamwambia ayakariri. Aliyefundishwa kumwamuru pepo atoke, anakosa nini kumwamuru aje? Ndiyo maana vitabu vya kuita mapepo vya wakati ule vimejaa zaburi, kufunga na maungamo. Daraja hiyo iliendelea kutolewa hadi Papa Paulo VI alipoifuta mwaka 1972.

Marsilio Ficino, padri wa Florence, naye aliandika juu ya talasimu, yaani hirizi, mwaka 1489. Lakini anayenishika zaidi ni Tommaso Campanella, mtawa Mdominiko aliyekaa gerezani miaka 27. Mwaka 1628 wanajimu walikuwa wakitabiri kifo cha Papa Urban VIII, naye akaogopa kupatwa kwa mwezi na jua. Akamwita Campanella. Wakaziba chumba hewa ya nje isiingie, wakatundika vitambaa vyeupe vya hariri, wakafukiza manukato, wakawasha mishumaa miwili badala ya jua na mwezi, na mienge mitano badala ya sayari. Papa na mtawa wake, ndani ya chumba hicho.

Mwaka 1631 Urban huyohuyo alitoa hati ya adhabu kali kwa atakayetabiri kifo cha papa. Campanella alikuwa bado yuko Roma.